Nilisifia DAC ya bei kubwa humu. Nimeipima, naomba nirekebishe maneno yangu

Habari za jioni wakuu.

Wakongwe wa jukwaa hili mtakumbuka uzi niliowahi kufungua nikiisifia DAC niliyokuwa nimetoka kuinunua. Niliandika kwamba besi imejaa, mwimbaji amesogea mbele, gitaa la solo limepata nafasi ya kupumua. Vijana kadhaa walinifuata faragha kuuliza wanunue ipi, na mmoja wao najua aliahirisha kubadilisha spika zake, pesa akaiweka kwenye DAC kwa sababu ya maneno yangu. Hilo limenikaa moyoni, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu. Mashine zangu mbili sitazitaja majina. Kosa lilikuwa kwenye namna nilivyozilinganisha, viwanda vyake havihusiki.

Kwa wageni: DAC ni kigeuzi kinachopokea namba za muziki kutoka kwenye simu, kompyuta au plea ya CD na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Amplifaya inaukuza umeme huo, spika inausukuma hewani. Kila simu yenye tundu la hedifoni ina DAC ndani yake. Ugomvi ni huu: ukiiacha hiyo ya ndani, au ile ya bei ndogo, ukanunua ya mamilioni, sikio linapata nini?

Nianze na kilichonitokea. Nilikuwa nimeazima multimita kwa fundi redio wa mtaani kwetu ili nipime adapta moja iliyokuwa inanisumbua. Kazi ikaisha, multimita ikabaki mezani usiku ule. Nikajiuliza, hizi DAC zangu mbili zinatoa volti ngapi? Nikaweka toni ya 100 Hz iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, nikagusisha ncha za multimita kwenye plagi ya RCA. (Tumieni 100 Hz au chini ya hapo. Multimita za bei ndogo hazisemi kweli ukizipimisha masafa ya juu.) DAC ndogo, yaani ile ya bei ndogo, ilitoa volti 1.94. Ile kubwa niliyoisifia, 2.11. Nikarudia mara tatu, jibu ni lile lile.

Tofauti hiyo ni desibeli 0.73.

Hapa ndipo penyewe wakuu. Desibeli 0.73 ni ndogo kiasi kwamba sikio haliwezi kukwambia kuwa sauti imeongezwa. Lakini sikio limeshahisi kitu, nalo linakipa jina jingine: uzito, ukaribu, uhai, hewa. Ndiyo maneno yale yale niliyoyaandika kwenye uzi wangu wa zamani. Nilikwenda kuusoma tena usiku ule, nikaona karibu kila sifa niliyoipa ile mashine ni sifa ya kitu kilichopandishwa sauti kidogo.

Sikuishia hapo. Nina plea ya zamani ya CD yenye matundu mawili ya dijitali, la optiko na la koaksia, nayo hutoa yote kwa pamoja. Nikaunganisha kila DAC kwenye tundu lake, zote mbili zikaingia kwenye kisanduku cha swichi, na kisanduku kwenye amplifaya. Mdogo wangu akakaa nyuma ya kochi na swichi, karatasi na kalamu. Kila zamu alirusha sarafu kuchagua, akazima sauti sekunde chache, akawasha. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema inayopiga ni DAC kubwa au ndogo. Zamu 20.

Volti zikiwa hazijasawazishwa nilipata 18. Nilifurahi, nikasema masikio yangu yako sawa. Kisha nikaishusha ile kubwa mpaka multimita ikasoma 1.95, tukarudia na CD ile ile, rekodi ya zamani ya muziki wa dansi ninayoijua hadi pale mpiga tumba anapokosea. Nikapata 11. Kesho yake usiku nikapata 9. Mtu anayebahatisha tu atafikisha 15 au zaidi kama mara 2 katika majaribio 100, kwa hiyo 15 ndio mstari niliojiwekea kabla ya kuanza, na sikuufikia.

Zamu ya sita sitaisahau. Nilisema "hii ni kubwa" kwa uhakika kabisa, nilikuwa naisikia ile besi iliyojaa. Mdogo wangu aliponionyesha karatasi baadaye, ilikuwa ile ndogo. Na sikuwa naigiza. Besi niliisikia kweli. Ubongo wangu ulikuwa umeshaamua kubwa inatoa besi, ukanipa besi.

Kwa hiyo yeyote anayemwambia mwenzake humu "huna masikio" au "umelishwa matangazo" anamkosea. Anayesikia tofauti anaisikia. Swali ni inatoka wapi.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES, jaribio lililochukua mwaka mzima. Walichukua muziki wa kiwango cha juu kuliko CD, wakaupitisha kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD, yaani biti 16 na 44.1 kHz, wasikilizaji waseme ni upi. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Waliopinga walikuwa na hoja nzuri, kwamba baadhi ya rekodi zilizotumika asili yake haikuwa ya kiwango cha juu kwelikweli. Mwaka 2016 Reiss akakusanya majaribio 18 ya namna hiyo, zamu zaidi ya 12,500, akapata asilimia 52.3 ya majibu sahihi. Kwa hesabu hiyo si bahati tupu, kitu kipo. Lakini ni kidogo sana, na waliopewa mazoezi ndio waliofanya vizuri zaidi. Mwenye kusema hakuna kabisa asome ya Reiss. Mwenye kusema tofauti ni ya usiku na mchana naye asome hiyo hiyo.

Nyongeza ya kwanza, kujibu michango

Asanteni kwa mwitikio. Mkuu mmoja amesema kuna watu wenye masikio yaliyofunzwa, wenye mitambo ya bei ya nyumba, na kwamba hao huwezi kuwadanganya kwa swichi na sarafu. Namheshimu, ila nataka tulitazame jambo la Mobile Fidelity.

Hii ni kampuni ya Marekani inayotoa upya santuri za zamani kwa wapenzi wa sauti, watu wanaoamini kwamba muziki ukishageuzwa namba umeharibika, na hurudi hauna roho. Julai 2022 mwenye duka la santuri wa Phoenix alitoa video akisema amesikia kwamba santuri hizo zina hatua ya kidijitali katikati. Akaalikwa kiwandani California, na mafundi wenyewe wakakiri: tepu ya asili iligeuzwa namba za DSD (aina moja ya rekodi ya kidijitali), kisha namba zikageuzwa tena kuwa umeme wa kukatia santuri, na kwa baadhi ya matoleo hilo lilianza 2011. Miaka kumi na zaidi. Katika muda huo santuri hizo zilisifiwa na watu wale wale kama mfano wa usafi wa analogi. Shauri lilikwenda mahakamani na likamalizwa kwa mapatano.

Sisemi wale jamaa hawana masikio. Wengi wao wanasikiliza vizuri kuliko mimi. Nasema muziki ulipita kwenye kigeuzi cha kuingia na kigeuzi cha kutoka, mbele ya wasikilizaji wakali kuliko wote, na sikio halikupiga kelele. Kilichopiga kelele ni habari.

Mwingine ameuliza kuhusu chipu ya DAC, kwamba ile ya kampuni ya AKM ina sauti laini na ya kampuni ya ESS ina sauti kali. Tarehe 20 Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua, moto ukachukua siku kadhaa. Chipu zikaadimika na watengenezaji wakalazimika kuchora upya mashine zao. Watengenezaji RME kwa mfano waliitoa AKM kwenye ADI-2 DAC yao wakaweka ESS, mashine ikabaki na jina lile lile. Kama chipu peke yake ndiyo ingebeba tabia ya sauti, mashine hiyo ingegeuka kitu kingine kabisa. Chipu ni sehemu ndogo ya kazi. Kinachoizunguka, yaani umeme unaoilisha, saa inayoipigia mapigo, hatua ya kutolea na kichujio, ndiko uhandisi uliko.

Nyongeza ya pili, kwa ndugu zangu wa R-2R

Mmekuja wengi na hasira, nawaelewa. Ninyi mna hoja ambayo watu wa vipimo huipuuza haraka mno.

DAC nyingi za leo ni za delta-sigma: zinaongeza kasi ya sampuli (vipimo vya wimbi vinavyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde) mara nyingi, zinafanya hesabu, zinasukuma kelele juu nje ya masafa ya sikio, kisha zinachuja. R-2R ni njia ya zamani: ngazi ya rezista, kila biti inafungua au kufunga daraja lake, na jumla ya daraja ndiyo volti. Philips walitoa TDA1541 ya biti 16 mwaka 1985, ambayo si R-2R hasa ila ni ndugu yake, kwani inagawa mkondo wa umeme badala ya kutumia ngazi ya rezista, na hadi leo kuna watu wanaitafuta chipu hiyo kama lulu. Ugumu wa R-2R uko kwenye usahihi. Ngazi ya biti 16 inatoa viwango 65,536 vya volti, kwa hiyo rezista ya biti kubwa kabisa inatakiwa isikosee hata asilimia 0.0015. Rezista ya asilimia 0.01, ambayo tayari ni ghali, haifiki hapo bila ujanja wa ziada.

Wengine wenu mnakwenda mbali zaidi, mnatumia R-2R isiyoongeza sampuli hata kidogo, ile mnayoiita NOS. Hapo mimi nipo upande wenu: hiyo inasikika, na sababu yake inapimika kwa karatasi na kalamu. Kila sampuli ikishikiliwa kama ngazi mpaka ifike nyingine, masafa ya juu yanainama. Kwa muziki wa 44.1 kHz, kwenye 10 kHz unapoteza desibeli 0.75 hivi, kwenye 15 kHz kama 1.7, na kwenye 20 kHz zaidi ya 3. Ndiyo ule ulaini mnaousema. Matoazi yanatulia, herufi "s" ya mwimbaji haichomi. Ni kitu cha kweli na mtu ana haki ya kukipenda. Mimi ninachokataa ni kuambiwa kwamba kinatokana na fumbo ambalo sayansi haijalifikia.

Nyongeza ya tatu, kwa watu wa vipimo

Nanyi msifurahi mapema.

Tangu Amir Majidimehr aanzishe tovuti ya vipimo ya Audio Science Review mwaka 2016, sote tumepata kitu ambacho zamani hatukuwa nacho: DAC ya bei ndogo na ya bei kubwa zinawekwa kwenye mtambo mmoja na namba zinatoka hadharani. Imeokoa pesa za watu wengi. Kabla yake, mwaka 2011, kulikuwa na mhandisi asiyejulikana aliyejiita NwAvGuy, aliyechora amplifaya ya hedifoni ya bei nafuu, O2, na kuigawa michoro yake bure ili kuthibitisha kwamba ubora hauhitaji bei ya kutisha. Mwaka 2012 akanyamaza, hakurudi tena.

Lakini humu ndani kuna tabia ya kuchukua jedwali la SINAD na kumcheka mtu kwa sababu DAC yake ina 105 na yako ina 120. SINAD inasema mawimbi ya muziki yamezidi kelele na uchafu kwa desibeli ngapi. CD yenyewe inaishia 96 au 98 hivi kwa hesabu ya biti zake. Chumba chako usiku, madirisha yamefungwa, bado kina feni ya dari, friji na mbwa wa jirani. Ukiongeza sauti mpaka hizo desibeli 15 za mwisho zisikike, vipande vikubwa vya muziki vitakuumiza masikio. Kumwambia kijana auze DAC ya 105 anunue ya 120 ni kosa lile lile nililofanya mimi. Mimi nilitumia mashairi, ninyi mnatumia jedwali, mfuko wa kijana unatoboka vilevile.

Nyongeza ya nne: yanayosikika kweli

Wengi mmeuliza kama basi DAC zote ni sawa. Hapana. Kuna mambo manne nimeyakuta mwenyewe au kwa watu niliowasaidia, na yote husikika bila kuhitaji kufumbwa macho.

La kwanza ni mlio wa "mmm" au michakaro inayobadilika ukisogeza kipanya cha kompyuta. Hiyo ni njia ya waya wa ethi inayozunguka (ground loop) kati ya chaja ya laptopu, waya wa USB na amplifaya. Chomoa chaja, laptopu iende kwa betri. Mlio ukikata, umempata mwizi. Tumia waya wa optiko, huo unapitisha mwanga na hauna shaba ya kubeba umeme. Nimeona mtu akibadilisha DAC tatu kwa ugonjwa huu.

La pili, kile kiwaya kidogo cha Apple cha USB-C kwenda tundu la hedifoni. Bei yake Marekani ni dola 9 na vipimo vyake ni safi kupita maelezo. Kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ya chini, kwa sababu simu haipandishi volyumu iliyo ndani ya kiwaya chenyewe. Na toleo la Ulaya hutoa nusu ya volti ya toleo la Marekani. Anayesema ni kibovu huenda anasikiliza kitu kizima kilichofungwa mdomo.

La tatu, ukinzani wa tundu la hedifoni. Uwe chini ya moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni zako. Zile za kuziba masikio zenye viendeshi vingi hubadilika ukinzani kila masafa, kwa hiyo tundu lenye ukinzani mkubwa linazibadilisha sauti kabisa, kama umegusa ikwalaiza.

La nne ndilo nalipenda, kwa sababu wachache wanalijua. Muziki wa sasa, Bongo Fleva ikiwemo, husukumwa mpaka unagusa dari ya namba. Sampuli zote ziko chini ya dari, sawa. Lakini wimbi lenyewe linapita *kati* ya sampuli, na kilele chake kinaweza kuwa juu ya dari kwa desibeli 3. DAC ikiwa haina nafasi ya ziada kwenye hesabu yake, inakata kilele hicho, na unasikia ukali kwenye matoazi na sauti za kike. Watengenezaji Benchmark waliacha nafasi ya desibeli 3.5 kwenye DAC2 yao kwa sababu hiyo. Wewe unaweza kuipata bure: punguza volyumu kwenye programu ya kuchezea muziki kwa desibeli 4, kisha ongeza kwenye amplifaya.

Nyongeza ya tano, Jumapili

Ndugu mmoja wa R-2R alikubali mwaliko wangu, jana alikuja na mashine yake ya NOS. Ana miaka 24. Nikamkaribisha chai, tukasawazisha volti za mashine yake na DAC yangu kubwa kwa 100 Hz, tofauti ikabaki chini ya desibeli 0.1. Mdogo wangu akakaa nyuma ya kochi kama kawaida. Mgeni alichagua mwenyewe CD, taarabu yenye kinanda na manyanga mengi.

Alipata 17 kati ya 20.

Nilimpa mkono. Alisema alikuwa anasikiliza manyanga tu, hakuwa anashughulika na kitu kingine. DAC yangu kubwa ina ikwalaiza ndani yake, nikainamisha masafa ya juu taratibu nikifuata zile namba nilizoandika hapo juu, tukapima volti tena, tukaanza upya. Zamu hii alisita sana. Mara mbili aliomba arudiwe, nikaona anainamisha kichwa kuyatafuta manyanga. Akapata 12.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaniomba nimwandikie zile namba za ikwalaiza, azijaribu kwenye simu yake akiwa kwenye daladala. Nimempa. Mashine yake hauzi, anaipenda, na mimi sikumwambia aiuze. Yule kijana wa spika naye nimeshamwandikia faragha, Jumamosi ijayo anakuja na DAC yake. Multimita bado sijairudisha kwa fundi, ameniruhusu nikae nayo hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliye Dar na anataka kupima aseme hapa chini.